Funguo Kwenye Leso

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa sifa ninazo na nimezitolea jasho. Shule niliacha darasa la nne. Nimebeba mchanga kichwani mpaka nywele za utosini zikakataa kuota, nimelala juu ya mifuko ya saruji ya watu ili isiibiwe, na leo, ukitoka Bagamoyo mjini ukaishika barabara ya kwenda Dar, nyumba nyingi utakazozipita zimesimama kwa tofali za uwanja wangu. Nimeona mtu kauza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wote watatu wakaja kununua tofali kwangu ndani ya wiki moja. Nikawauzia wote. Nimeona bwana mmoja mwenye shahada zake anavunja nyumba mpya kwa sababu mganga kamwambia mlango umetazama upande wenye nuksi. Akarudi kununua tofali tena. Nikamuuzia. Baada ya hayo ushangazwe na nini?

Hata mama yangu alipofariki sikushangaa. Aliumwa, akazidiwa, akaondoka asubuhi moja kabla chai yake haijapoa. Dada yangu ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kufyatulia, inatetema, nikamwambia, "Sawa, nimesikia." Nikaizima mashine, nikawaagiza vijana wazimwagie maji tofali za jana zisije zikapasuka, nikaenda. Turubai, sanda, mchele, ng'ombe, maji ya watu kutawadha, vyote nilivipanga mimi, na sikutaka mtu anisaidie. Watu wakasema, yule ndiye mwanamume. Wengine wakanishika bega, "Jikaze, bwana." Sikuwa na cha kukaza. Umewahi kung'olewa jino? Ile sindano ya ganzi, unajigusa shavu unaona ni shavu la mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima, na matanga yalipoanuliwa ganzi ilibaki palepale.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, tena kwa mbali, kama hodi inayobishwa nyumba ya pili: nyumba yake sasa itakuwa ya nani?

Maana nyumba ile ndiyo ya kwanza niliyoijenga duniani. Nilikuwa kijana, sina mashine, nina kalibu moja ya chuma ya kugonga kwa mkono. Mchanga niliusomba ufukweni, upande wa Mbegani. Mchanga wa pwani ni mzuri kuutazama, mweupe, hauna udongo, na hauuzwi. Nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wanaohangaika na mchanga wa mtoni. Hakuna aliyenionya. Au walinionya, sikusikia. Wakati ule nilikuwa nasikia sauti yangu tu. Sasa chumvi, ndugu yangu, ikishaingia kwenye tofali haitoki. Kila masika kuta zile zinatoa unga mweupe, plasta inaachia vipande vipande kama maganda, na mama asubuhi anafagia nyumba yake inayomwagika.

Nilipopata uwezo nilimwambia mara nyingi, "Mama, niibomoe hii aibu nikujengee ya maana."

Akanijibu jibu lilelile. "Hii mwanangu aliijenga hana kitu. Hiyo ya maana utaijenga unavyo. Niachie yangu."

Basi kila mwaka mvua zikiisha nilikuwa nakwenda mwenyewe, mimi mwenye malori, na mwiko wangu na karai, napiga plasta upya. Sikumtuma fundi. Hakuna fundi aliyejua ukuta upi unaumwa wapi.

Siku nilipomkabidhi funguo za nyumba ile, miaka hiyo, nilimwambia, "Mama, bahati yangu imeanza kunyooka." Akacheka. Mama yangu alikuwa hajui kuandika hata jina lake, lakini kwenye maneno ya namna hii alikuwa kama sonara, kila moja na mizani yake, na hakubali ulichanganye na jingine.

"Hii si bahati," akasema. "Bahati ni mgeni asiyejua njia. Alikuwa anakwenda kwa jirani, kakosea mlango, wewe ukamfungulia. Hii nyumba umeigonga tofali kwa tofali nakuona. Hii ni riziki."

"Si kitu kimoja tu, mama?"

"Kitu kimoja wapi! Riziki ilikuwa yako tangu zamani, hata ungelala ingekungoja. Ila wewe hukulala, ndiyo maana mgongo unakuuma."

Alikuwa hivyo. Kukutana kwake na marehemu baba kwenye foleni ya bomba la maji, hiyo aliiita nasibu: watu wawili na ndoo zao, hakuna aliyepanga. Ndoa ya dada yangu ilipotulia, mume akawa mtu wa kueleweka, hiyo ilikuwa sudi, neno la vibibi, na alilitamka polepole kama anaonja mchuzi. Mambo ya kesho yote yalikuwa majaliwa, hukumsikia hata siku moja akisema anakwenda sokoni bila kutanguliza "tukijaliwa." Neno kudra aliliweka juu sana, kwa vitu visivyonyanyulika, mafuriko au kifo cha mtoto. Ajali kwake haikuwa magari kugongana. Baba alipofariki kitandani kwake, kwa uzee wake, mama alisema, "Ajali yake imefika," yaani siku aliyokatiwa.

Kisirani kilikuwa kitu cha asubuhi. Alikuwa akiuza uji pale barazani, na mteja wa kwanza akijipapasa mfukoni akaondoka bila kununua, mama alimwita arudi akampa kikombe bure. Hakutaka siku yake ifunguliwe na mkono mtupu. Mimi uwanjani kwangu nafanya hivyohivyo mpaka leo. Mteja wa kwanza hatoki bila tofali, hata moja, akazuilie mlango usipigwe na upepo.

Kuna mwaka nilishinda friji. Mzee wa Kihindi anayeniuzia saruji, ambaye duka lile alilirithi kwa baba yake na baba yake kwa babu, aliendesha bahati nasibu ya wateja, na tiketi yangu ikatoka. "Kismati yako nzuri, bwana," akanipigia makofi. Nikaipakia friji nikampelekea mama, nikamuuliza, haya, na hii? Akaizunguka, akaifungua, akaifunga. "Hii sasa ndiyo bahati," akasema. Haikumaliza mwezi, umeme ukaja kwa nguvu ukaiunguza. Mama hakusikitika hata kidogo. "Si nilikwambia? Mgeni. Kala, kaaga, kaondoka." Friji akaigeuza kabati la vyombo.

Vijana wangu wa kufyatua tofali hawana maneno hayo yote. Kwao kila kitu ni zali. Kapata mchumba, zali. Mkeka wake wa kubashiri mpira umetiki, zali. Nililipeleka neno hilo kwa mama kama zawadi.

"Zali ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Halina baba, mama. La mtaani."

"Linasikika hivyo."

Na nilipomsimulia yule bwana wa shahada aliyevunja nyumba yake mwenyewe, nikamuuliza, hiyo sasa ni mkosi au nuksi au ndege mbaya? Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Hiyo huku kwangu haina jina. Maneno haya yote ni ya kazi ya Mungu. Mtu aliyejifanyia kwa mkono wake asimsingizie Mola. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole." Tukacheka sana, mimi na yeye, kwa ajili ya yule bwana.

Baada ya arobaini tukakaa. Tulikuwa watoto watatu: dada yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume, fundi wa injini za boti kule Mbegani. Shehe wa msikiti wetu akaja kutugawia mirathi, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mama aliacha vitu vitatu: kiwanja kidogo Vigwaza, shamba la mikorosho Makurunge, na nyumba. Cha Vigwaza akakichukua dada, ameolewa hukohuko, na hapakuwa na ubishi. Wazee wawili waliokwenda kukadiria wakasema shamba na nyumba thamani yake haipishani. Basi nikabaki mimi na mdogo wangu, shamba na nyumba, na mimi nataka nyumba. Kila aliyekaa pale alijua nataka nyumba, ingawa mdomo sikuufungua.

Mdogo wangu ndiye aliyeufungua wake. "Shehe, hapa hapana kazi ngumu. Kaka achukue nyumba. Mimi shamba linanitosha. Nyumba nampa."

"Unanipa?" nikamuuliza.

"Nakupa, kaka. Kwa moyo mmoja."

"Wewe una nini cha kunipa mimi?"

"Kaka, sina maana hiyo."

"Mimi sijapewa kitu tangu nizaliwe. Hata jina la utani nilijipa mwenyewe. Tupige kura."

Watu wakatazamana. Dada akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, chakula kishafika mkononi, unakipigia kura ya nini?"

"Tupige, dada. Ikiwa yangu itakuwa yangu."

Nataka nieleweke. Mji huu una midomo. Ningeichukua nyumba kwa kupewa, kesho mabarazani wangesema tajiri kamnyang'anya mdogo wake urithi, au wangesema kibaya zaidi, kwamba fundi boti kamhurumia tajiri. Nilitaka isemwe kwamba nyumba ya mama imeniangukia mimi. Na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mtu ambaye lori lake lilikatika breki kwenye mteremko likaenda kusimama lenyewe kwenye lundo la mchanga, mchanga wake mwenyewe, mtu huyo ataogopa kura?

Tulipiga kura kama wanavyogawana samaki ufukweni, na kama sisi watoto wa mama tulivyogawana mapaja ya kuku tangu wadogo. Mmoja anageuka asione. Mwingine anaokota fungu, anauliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja mtu, na akishataja limekwisha, hakuna rufaa. Dada, kwa kuwa lake alishalipata, ndiye aliyegeukia ukutani, akajifunika kanga mpaka usoni. Shehe akaweka vitu viwili juu ya mkeka: korosho moja kwa ajili ya shamba, na shada la funguo kwa ajili ya nyumba.

Hapo nikafanya kitu ninachokikumbuka kuliko maziko yenyewe. Niliziona zile funguo, nikajua zitalia. Shehe akiziinua tu zitalia, na dada atazisikia, na atanitaja mimi. Nilimwona kainamisha kichwa upande, sikio moja limetoka nje ya kanga. Yaani hata hii nipewe? Hata na mtu aliyegeukia ukuta?

"Shehe, subiri," nikasema. "Hizo zifungwe."

Nikatoa leso yangu ya mfukoni, nikazikunja funguo ndani yake, nikapiga fundo, nikalikaza kwa meno, nikazirudisha mkekani. Zilikuwa hazilii tena. Mdogo wangu alinitazama, kisha akatazama chini. Shehe akanitazama zaidi. Lakini shehe ni shehe, hasemi ovyo. Akanyoosha mkono, akainua kimoja.

"Hili la nani?"

Dada akangoja. Akangoja mno, mpaka mzee mmoja akakohoa.

"La mdogo wetu," akasema.

Shehe alikuwa kashika leso.

Dada alipogeuka akaiona mkononi mwa shehe hakuielewa mara moja. Ilipomwingia akaushika mdomo. "Mbona hazikulia?" akasema. "Mimi nilikuwa nangoja zilie."

"Kaka," mdogo wangu akaruka, "tubadilishane. Hapahapa. Hakuna mgeni hapa."

"Wakiridhiana wenyewe, dini haina kizuizi," shehe akasema, na aliniangalia mimi wakati anasema.

Wote waliniangalia. Nilikuwa naona midomo inacheza. Nikasema, kwa sauti ambayo hata wanawake walioko jikoni waliisikia, kwamba kura ikishapigwa imepigwa, na kwamba nyumba ile mimi siitaki tena, hata nikibembelezwa. Nikaokota korosho yangu, nikaitia mfuko wa kanzu. Kisha chakula kikaletwa nikala, na nilikula vizuri. Nilitafuta mahali panapouma, sikupapata.

Masika yakaja, yakaisha. Sikupita mtaa ule. Nilikuwa na kazi nyingi, tena mwaka huo nilinunua mashine ya pili, wanaonijua wanajua. Mwiko wangu ulikaa kwenye kona ya stoo, mdogo wangu hakuniita kupiga plasta, mimi sikumkumbusha.

Kisha asubuhi moja mteja wa kwanza akaingia, mama mmoja mwalimu mstaafu, Mkristo, mtu wa bara ambaye amefundisha huku pwani mpaka lafudhi yake imelainika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa tofali zako hazina chumvi."

"Waliokwambia ni watu wa kweli. Tofali langu ukilidondosha linakuuliza kwa nini."

Akacheka. Akasema anajenga nyumba ya kustaafia, amehangaika kutafuta kiwanja karibu na kanisa lao akakata tamaa, mara ghafla kakipata. "Mpango wa Mungu, baba. Nilikuwa nimeshafunga virago nirudi kwetu."

"Nizilete wapi?"

"Pale penye mzambarau, ile nyumba ya bibi muuza uji, marehemu. Vijana wangu wameanza kubomoa leo. Kijumba chenyewe kimeliwa na chumvi, wala hakitawasumbua."

Sikushangaa. Nilishasema. Nikamuuliza anataka za inchi tano au inchi sita. Akataka sita. Nikawaambia vijana wapakie lori. Nikaenda nyuma ya stoo, nikampigia mdogo wangu.

"Umeuza?"

"Nimeuza, kaka. Nimenunua injini. Nimechoka kutengeneza injini za watu."

"Hukuniambia."

"Nikwambie nini? Ulisema mbele ya shehe huitaki hata ukibembelezwa. Nije nikubembeleze?"

Nikaanza kukwangua kwa ukucha saruji iliyogandia ukuta wa stoo.

"Kaka? Upo?"

"Nipo."

"Ungeitaka ningekupa. Nilikupa! Dada shahidi, shehe shahidi."

"Najua."

"Sasa unanipigia simu ya nini?"

Nikamuuliza injini ni ya nguvu gani. Akaniambia. Nikamwambia hiyo ni nzuri, aichunge na maji ya chumvi, nikakata. Kisha nikapanda lori mbele, pembeni ya dereva, kitu ambacho sijafanya kwa miaka. Dereva aliona ajabu lakini ni mtu mwenye adabu, akashughulika na barabara yake.

Tulipofika mabati yalikuwa yameshashuka, yamepangwa chini ya mzambarau. Nyumba imebaki na kenchi zake juu kama mbavu. Vijana wawili wenye nyundo walikuwa upande wa jikoni, ukuta wa jikoni umeshalala.

"Shikamoo, mzee," akasema mmoja. "Tofali hizo? Shushia pale. Halafu njoo uone maajabu, wewe mtu wa tofali." Akaokota kipande, akakifinya, kikamwagika vidoleni kama biskuti. "Hizi zilifyatuliwa na nani, kipofu?"

"Kipofu wapi," akasema mwenzake. "Mvuvi huyu. Kafyatua mchanga na dagaa humohumo. Nusa."

Wakacheka. Kwa kweli ilikuwa inachekesha.

"Nilifyatua mimi," nikasema.

Nyundo zikashuka. "Mzee, samahani, ni utani tu..."

"Hamna kosa. Zina dagaa. Ila wekeni nyundo chini."

Nikaingia. Jua lilikuwa limejaa ndani, nyumba ile haikuwahi kuwa na mwanga namna ile. Palipokaa friji ya vyombo pana alama ya mraba sakafuni. Nikatoka barazani, pale alipokuwa akikaa na sufuria lake la uji, nikaweka kiganja kwenye ukuta. Plasta ya mwaka juzi, mkono wangu mwenyewe, naijua kwa jinsi ninavyomalizia pembeni. Iliachia. Kiganja kikawa cheupe. Nikajipangusa uso bila kufikiri na chumvi ikanifika mdomoni. Ganzi ya jino inapoanza kutoka haiumi kwanza. Inawasha. Nilisimama pale nawashwa, basi, hakuna zaidi. Mtu asije akasema nililia.

Mwalimu akafika kwa bajaji, akakuta vijana wamekaa na tofali hazijashushwa. "Kulikoni?"

"Mwalimu, niuzie kiwanja hiki."

Alinitazama akidhani natania. "Baba, asubuhi umeniuzia tofali za kujengea hapa."

"Hizo utazitumia kwingine. Nitakutafutia kiwanja kingine mimi mwenyewe, karibu na kanisa lenu."

"Una viwanja vyako mji mzima, watu wanasema. Hiki kina nini?"

"Kiwanja kizuri."

"Kizuri kwa lipi?"

Mzambarau, nikamwambia. Una kivuli kizuri.

Ni mwalimu, amezoea watoto wanaoficha kitu mgongoni. Alingoja niseme. Sikusema. Basi akafanya kama angefanya mtu yeyote mwenye akili aliyeona mnunuzi ana njaa: akataja bei yake, na ndani yake akaweka usumbufu, na kuanza upya, na moyo wake uliokwishatulia. Mimi, ambaye nabishana na muuza machungwa, sikuomba apunguze hata senti. Siku ya pili tukaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakiwepo. Tulipotoka nje, akiwa keshaweka karatasi zake kwenye mkoba, akaniuliza, "Yule bibi muuza uji alikuwa nani kwako?"

"Mama yangu."

Akasimama. "Ungesema, baba! Ningekurudishia kwa bei niliyonunulia mimi. Na mimi nilikuwa na mama."

"Ndiyo maana sikusema."

Alitingisha kichwa kwa muda. "Basi labda ulikuwa mpango wa Mungu."

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Huu ulikuwa wangu."

Kiwanja chake nilimtafutia na nikampatia, hatua chache tu kutoka kanisani, bora kuliko kile. Tofali zangu zimesimama pale, hazina chumvi, nenda kaulize.

Ukuta wa jikoni niliugongea tofali mwenyewe, kwa kalibu ileile ya chuma, mchanga wa mtoni safari hii. Dada alikuja kutoka Vigwaza akanikuta niko juu ya ngazi napiga plasta. Alikaa barazani, akakaa, mwisho akasema, "Mama angekuwepo hii angeiitaje?"

Nikayapitia yote nikiwa kule juu. Bahati, hapana. Nasibu, hapana, maana nililifunga fundo kwa meno. Kudra nisiiguse kabisa.

"Angesema haina jina," nikamjibu.

"Na pole asingekupa."

"Asingenipa."

"Basi shuka unywe uji," akasema dada, na alikuwa kweli kaja nao, kwenye chupa ya chai.

Nilishuka. Ulikuwa na pilipili manga nyingi mno, yeye hajawahi kuuweza kama mama. Leso yangu, aliyonirudishia mdogo wangu kama ilivyo, iko juu ya kenchi pale, fundo sijalifungua. Mdogo wangu alikwisha kubadilisha kufuli zote siku nyingi, funguo zilizomo hazifungui kitu. Na kwa kuwa watu wa mji huu wanapenda kukisia, wengine wanaongeza na wengine wananipunguzia heshima, niwaandikie mwenyewe waache kukisia. Kiwanja, usumbufu wa mwalimu, mabati mapya badala ya yaliyotobolewa, posho ya wale vijana wa nyundo kwa siku waliyoikosa, na soda zao mbili: shilingi milioni arobaini na moja, laki tatu, elfu kumi na saba na mia nne.